Picha ya Mwezi wa Sita

Kaka yangu alikufa saa nne asubuhi, jua likiwa limeshawaka, mahali tulipokuwa watu watatu: baba, mimi, na jirani aliyekuwa anahamisha mbuzi wake. Jirani alikuwa amegeukia mbuzi. Kwa hiyo tulioona ilivyokuwa tulikuwa wawili.

Mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda. Nyumba yetu ilikuwa chini kabisa katika kartie, yaani mtaa, ya Waswahili hapa Rumonge, karibu na mahali wanapoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Maji hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kama mgeni asiye na haya, leo uani, kesho chooni, juma la pili chini ya vitanda. Tukahamia kwa shangazi, dada yake baba, ng'ambo ya barabara kuu upande wa michikichi. Tulibeba kila kitu ambacho maji hayakuwa yameharibu, isipokuwa mabati. Baba alikuwa fundi wa mitumbwi, na mabati yale alikuwa ameyapata moja moja, kwa miaka. Aliyataka kwa ajili ya kaka, ambaye alikuwa aoe baada ya mfungo.

"Sitamuoza mwanangu chini ya turubai," alisema.

Basi tukarudi kuyafuata. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, na tofali bichi likikaa majini mwezi mzima linarudia udongo wake. Kaka alipanda juu ya ukuta na kuanza kung'oa misumari. Mimi na baba tulisimama chini, maji yakitufika magotini, tukipokea. Alipofika karibu na mwisho akatulia kidogo, akasema, "Baba, huu ukuta unacheza. Nishuke?"

Baba alinyoosha mkono kuelekea safu ya mwisho. "Yamebaki manne tu. Maliza."

Kaka alishusha mawili.

Kwenye maziko, baba alisimama mbele ya wanaume na kusema, "Nilimkataza. Kijana alikuwa na haraka ya kuoa." Mama alikuwa ndani na wanawake, na maneno yale yalimfikia humo. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Baba akanitazama, nami nikainamisha macho. Nilikuwa na miaka ishirini, na kwetu binti hamsahihishi baba yake mbele ya jeneza. Baadaye niligundua kwamba hamsahihishi hata jeneza likishaondoka. Kila siku iliyopita ilifanya uongo ule uwe wetu sote wawili.

Nilikuwa darasa la mwisho la lise, shule ya sekondari. Niliingia kwenye mtihani wa Leta, ule wa taifa, miezi mitatu baada ya maziko, na sikumbuki swali hata moja. Nikaanguka. Wenzangu walisambaa: huyu chuo Bujumbura, yule kaolewa Nyanza-Lac, mwingine kavuka kwenda Kigoma kutafuta maisha. Mimi nilibaki kwa shangazi, nikiosha vyombo ambavyo havikuwa vyetu. Kuna umri watu wanapokukuta njiani wanakuuliza "Sasa unafanya nini?" kabla hawajakuuliza habari za nyumbani. Nilianza kupita njia za nyuma. Kisha nikaacha kujibu kwa mdomo, nikawa najibu kwa kichwa. Chakula kilinishinda. Mama alikuwa anauza mawese sokoni, na jioni alikuwa akiniletea ndizi mbivu na kukaa ananitazama nikizichezea.

"Mwanangu, unanikaukia hivi ninakuona," alisema siku moja. "Mmoja amekwenda. Usiniache na wewe."

Mteja wake mmoja ndiye aliyemwambia habari za mradi wa vijana. Mama alidhani ni mafunzo ya cherehani. Alinipa kitenge chake kipya nijifunge, akanisindikiza mpaka mlangoni. Lilikuwa ghala la zamani la mafuta, karibu na kituo cha magari, na ndani bado lilinuka mawese yaliyochacha. Tulikuta meza mbili ndefu, makaratasi, na rangi kwenye vikopo vya nyanya. Hakukuwa na cherehani hata moja.

Mkuu wa mradi, bwana mmoja kutoka Bujumbura aliyevaa viatu visivyofaa kwa tope letu, alituambia kwamba sisi ni vijana walio katika kipindi cha mpito. Alituambia kuchora kunatibu. Alitoa fomu za Kifaransa, kurasa tatu, tukaambiwa ni za mahudhurio. Tukatia sahihi. Mimi nilikuwa nasoma Kifaransa vizuri kuliko wote mle ndani, lakini siku ile sikuwa na hamu ya kusoma hata jina langu.

Tulikuwa tisa. Kulikuwa na msichana aliyefukuzwa shule kwa sababu ya mimba, anakuja na mtoto mgongoni. Kulikuwa na kijana aliyerudi kutoka kambini Tanzania, ambako alikulia, anasema Kiswahili kilichonyooka mpaka watu sokoni wanamcheka, na Kirundi chake kilikuwa cha mtoto wa miaka mitano. Aliambiwa amerudi kwao, na hakuna aliyemjua. Wengine walikuwa kama mimi: shule imekwisha na kazi hakuna, na nyumba ipo chini ya maji. Nakumbuka nilivyokasirika. Sote tulihitaji kazi, na tulichopewa ni kalamu za rangi.

Aliyetuongoza alikuwa mama mmoja wa Kikongo, mkimbizi kutoka upande wa Uvira, aliyewahi kufundisha shule ya msingi. Tulimwita Mama Mwalimu. Mwili wake ulikuwa mkubwa na sauti yake ndogo, na hakuwahi kusimama nyuma ya mtu anayechora. Alikaa pembeni, naye akichora zake.

"Hapa hakuna maksi," alisema siku ya kwanza. "Hakuna muzuri, hakuna mubaya. Kile kinywa kinakataa, mukono unaweza kukubali. Ukitaka kupasua, pasua. Ukitaka kukaa tu, kaa."

Mimi nilikaa tu. Majuma mawili nilikaa. Juma la tatu nilichukua mkaa nikachora mistari, inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, mpaka karatasi ikajaa. Juma la nne hivyohivyo. Mama Mwalimu alipita akakusanya vikopo, akasema tu, "Hiyo ni bati."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari za mabati.

Nasema hili kwa sababu ni kweli, hata kama linanichoma kulisema: kuchora kulinisaidia. Wapo watu leo wanaotaka niseme ulikuwa upuuzi wa wazungu, na siwezi. Baada ya mabati nilichora ukuta. Baada ya ukuta nilichora miguu ya kaka juu ya ukuta, peke yake, kama miguu ya ndege. Jioni ya siku ile nilikula sahani nzima ya ugali, na mama akageuka upande asinionyeshe uso wake. Nilianza kulala. Nilianza kusema na yule msichana mwenye mtoto, na nikambeba mtoto wake ili yeye apate mikono miwili ya kuchorea. Kijana wa kambini alikuwa anachora njia tu, njia zenye vumbi zisizo na nyumba, mpaka siku moja akaweka mlango mwisho wa njia na kutuonyesha bila kusema kitu. Tulikaa kimya sote. Sijawahi kukaa kimya na watu namna ile, kimya kisichouliza kitu.

Mwezi wa tano wa kuhudhuria nilichora ile asubuhi. Maji niliyapa rangi ya kahawia, kwa sababu ndivyo yalivyokuwa. Kaka alikuwa juu ya ukuta, mgongo kwetu. Chini nilimchora mtu mwenye kofia, na mkono wake niliuchora mrefu kuliko mwili wake, umenyooka unaelekea juu, kidole kimoja. Mimi mwenyewe sikujichora.

Wengine walipokwisha kuondoka, Mama Mwalimu alikaa kando yangu.

"Huu mukono unasema nini?"

"Unasema yamebaki manne tu," nikamjibu. "Unasema maliza."

Nikamweleza yote. Ilikuwa mara ya kwanza maneno yale kutoka kinywani mwangu. Hakunishika, wala hakuniambia pole. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nataka picha ile iende wapi. Nilimwambia siwezi kwenda nayo nyumbani, na siwezi kuichana.

"Basi itakaa kwenye sanduku langu," alisema. "Funguo ninayo mimi. Hii picha ni yako. Hakuna mutu ataiona."

Nilimwamini. Sikuwa mjinga kumwamini. Alikuwa amestahili kuaminiwa siku zote kabla ya ile.

Mradi ukaisha kama miradi inavyoisha, kwa soda na hotuba. Nilikuwa nimeamua kurudia mtihani wa Leta, na nilikuwa pia nimeamua kwamba nitamwambia mama. Nilikuwa napanga maneno. Nilitaka kwanza nimwendee baba kule anakotengenezea mitumbwi, nimwambie, Baba, mimi nilisikia, na siwezi tena, twende wote tukamwambie. Niliyarudia maneno hayo kila asubuhi nikifagia uwanja. Kila asubuhi nilisema kesho. Hapo kosa ni langu, sina wa kumtwisha.

Mwaka mpya ulipoingia zikatoka kalenda. Mradi ule ulikuwa umechapisha kalenda nzuri, ya karatasi inayong'aa, kila mwezi na picha moja ya vijana, ikagawiwa kwenye ofisi za komini, mashuleni, kwenye maduka ya dawa. Picha yangu ilikuwa mwezi wa sita. Jina langu hawakuandika. Walijivunia baadaye kwamba hawakuliandika. Chini yake waliweka kwa Kifaransa: Amri ya baba. Msichana, miaka ishirini, Rumonge, mafuriko.

Katika Rumonge nzima, nyumba iliyofiwa na kijana juu ya ukuta wakati wa kuokoa mabati ilikuwa moja.

Mama alirudi kutoka sokoni kabla ya alasiri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mke wa muuza dawa, mteja wake wa mawese, alikuwa amemwonyesha. Baba alikuwa ameketi kibarazani ananoa tezo yake ya kuchongea mitumbwi. Mama aliifungua kalenda ile, akafunua mpaka mwezi wa sita, akaiweka chini mbele yake juu ya mkeka. Shangazi alitazama mara moja, akawachukua watoto wake na kutoka nao uani.

"Huu mukono ni wa nani?" mama aliuliza.

Baba aliinama kutazama. Alitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma mwandiko mbaya.

"Wangu," alisema.

"Alikuambia ukuta unacheza?"

"Aliniambia."

"Wewe ukamujibu nini?"

Baba alilaza tezo chini, kando ya kalenda. Mama akangoja, kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe ulikuwepo. Ulisikia."

"Ndiyo, Mama."

"Unakula na mimi sahani moja siku zote hizi. Ninakubembeleza ule. Ninalia mbele yako ninasema mutoto wangu alikuwa mukaidi, hakusikia baba yake. Na wewe unanitazama."

Nilitaka kumweleza habari za asubuhi zote nilizosema kesho. Lakini hayo si maneno ya kumwambia mtu aliyesimama namna ile. Alikunja kalenda, akaingia ndani. Siku ya pili yake alifunga vitu vyake ili aende kwa kaka zake, Bugarama. Nilimfuata mpaka barabarani na furushi lake kichwani mwangu, nikidhani nakwenda naye. Alilipokea, akaliweka kichwani pake.

"Baki na baba yako," alisema. "Nyinyi munajuana."

Jioni hiyo baba alinena nami, na sauti yake haikuwa na hasira. Ningependa ingekuwa nayo.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema. "Kabla ya karatasi. Mimi ningekwenda kwa mama yako kwa miguu yangu. Sasa nimekwenda kwake kwenye kalenda."

Sijui kama angekwenda. Yeye pia alikuwa na siku zake nyingi za kusema kesho.

Nilimtafuta mkuu wa mradi. Alikuwa bado ana ofisi ndogo hapa mjini, akifunga hesabu za mwisho. Alinikaribisha kiti, akatoa fomu yangu kwenye faili, akanionyesha mstari kwenye ukurasa wa tatu, na sahihi yangu chini yake. Mstari ulisema kazi zote za washiriki zinaweza kutumika kwa uhamasishaji.

"Na ile picha yako imegusa watu wengi sana," alisema. "Huko Bujumbura walisimama mbele yake, wengine walilia. Ujivunie."

"Mama yangu ameondoka nyumbani."

"Pole sana. Lakini hata hiyo ni hatua ya kupona. Ukweli unaumiza kwanza."

Aliniambia hivyo, mtu ambaye usiku ule angelala na mke wake. Niliondoka bila kumuaga, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa mtu mzima.

Mama Mwalimu nilimkuta kwake, anachambua mboga za lengalenga mlangoni. Aliponiona aliacha kuchambua. Hakujifanya hajui nimefuata nini.

"Walisema bila picha nzuri hakuna mradi mwingine," aliniambia. "Walisema picha za wengine ni za kawaida. Walitaka sanduku. Mimi niko mukimbizi, nina watoto wanne, na ile kazi ndiyo inatulisha. Nilifungua."

"Ulisema hakuna mtu ataiona."

"Nilisema."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa," alisema. "Kwa hiyo sikuuliza."

Nilingoja aniombe msamaha. Hakuniomba, na nafikiri hakuniomba kwa sababu alijua kwamba siku ile ningelazimika kumjibu. Alinipa kiti, nikakataa. Mradi mwingine haukuja. Baadaye nilisikia amehamia upande wa Gitaza, anauza ndagala kando ya barabara. Nimepita pale mara nyingi ndani ya gari, na kila nikipita natazama upande wa mlima.

Imepita miaka sita. Mtihani nilirudia nikafaulu, na diplome yangu iko kwenye begi, haijanipa kitu. Kilichonilisha ni mkono. Naandika majina kwenye mitumbwi, kwenye milango ya maduka, kwenye kuta za vinyozi. Mama nimemtembelea Bugarama kila Idi. Ananipokea, ananipikia, ananiuliza habari za shangazi. Habari za baba haniulizi, na sahani anayonipa ni ya peke yangu.

Mwaka jana walikuja watu wengine, na mradi mwingine, wakaniomba niwe mwezeshaji wa vijana kwa sababu wamesikia nimepitia. Nilisoma fomu yao yote, mstari kwa mstari, mbele yao, wakisubiri. Nikawaambia nitafanya kazi wakifuta mstari mmoja. Waliniambia wafadhili wanahitaji kuona matokeo. Nikawaambia matokeo yatakuwa yanatembea barabarani, waende wakayatazame. Walicheka kwa adabu, wakamchukua mtu mwingine.

Basi ninafanya mwenyewe, alasiri mbili kwa juma, kwenye kibaraza cha shangazi. Wanakuja watano, sita. Rangi ni zile zinazobaki kwenye mitumbwi, na karatasi ni maboksi yaliyofunguliwa. Wana yaleyale: shule imekwisha, mchumba kaondoka, baba kaoa mwingine, ziwa limechukua kiwanja. Nawaona wanavyolegea mabega wakichora, na najua kinachotokea ndani yao, na namshukuru yule mwanamke wa Uvira na kumchukia kwa pumzi moja. Wakimaliza, kila mtu anaondoka na lake au analitia motoni, tunachemshia chai. Nimewaambia jambo moja tu: rangi itakutolea kitu kifuani, lakini haitakutafutia mahali pa kukiweka. Kama kuna mtu anayestahili kusikia, mwendee wewe, kwa mdomo, mapema. Wananisikiliza kama vijana wanavyosikiliza watu wazima, yaani nusu.

Baba anaishi nami, katika chumba cha nyuma. Macho yake yameanza kufifia na tezo ameiacha. Tunazungumza habari za mvua na bei ya samaki. Mwezi uliopita, vijana walipokwisha kuondoka, alitoka akakaa kwenye benchi lao, akaokota kipande cha mkaa, akakigeuzageuza.

"Hatuna picha yake hata moja," alisema. "Zote zilikwenda na maji. Uso wake unanipotea. Nichoree."

Nilichukua boksi nikaanza. Paji la uso, nyusi, mdomo. Nilishangaa jinsi mkono wangu ulivyokuwa mzito; miaka yote ile nilikuwa nimemchora kaka miguu na mgongo tu. Baba aliikaribisha picha machoni, akaisogeza mbali, akaikaribisha tena.

"Siye," alisema.

Nikachora nyingine. Akaniambia masikio yalikuwa makubwa kidogo, na meno ya mbele yaliachana. Nikayaweka. Akatazama, akatikisa kichwa. Nikachora ya tatu, mpaka vidole vyangu vikawa vyeusi mpaka kwenye viganja. Ya tatu aliishika muda mrefu zaidi, nikadhani nimepata.

"Huyu ni kijana mzuri," alisema taratibu, akanirudishia. "Lakini simjui."

Kisha akauliza kama maji ya kutawadha yapo, maana alasiri ilikuwa inampita. Nikaenda kumletea birika.